Shahada Iliyokwenda kwa Wazee: Masomo ya Sanaa Mlimani, Miaka ya Mwanzo

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walitoka madarasani wakaenda kuwatafuta wazee. Walikwenda Umatumbi, Ungoni na kwingineko ambako vita vya Maji Maji vilipiganwa kuanzia Julai 1905. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka 15 siku Wamatumbi walipong'oa pamba ya Wajerumani pale Nandete, mwaka huo alikuwa anakaribia 80. Wanafunzi waliketi naye, wakamwuliza nani alileta maji ya dawa, yalisafirije kutoka kijiji hadi kijiji, nani alilimishwa pamba kwa nguvu, nani alichapwa, na njaa iliyofuata vita ilimchukua nani. Wakaandika. Waliporudi chuoni ripoti zao zikapigwa taipu na kukusanywa na Idara ya Historia, na mpaka leo mtafiti wa Maji Maji hawezi kuzikwepa, awe Dar es Salaam au Berlin.

Hawa walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Hawakuwa madaktari wa falsafa wala maprofesa. Walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu waliokuwa bado wanahesabu mitihani iliyobaki. Historia ya masomo ya sanaa na sayansi za jamii Mlimani husimuliwa sana kwa majina makubwa na hotuba za usiku katika Ukumbi wa Nkrumah. Majina hayo yanastahili sifa yake. Lakini kazi iliyobadilisha shahada yenyewe, ile inayobaki mtu akishaondoa makofi na mabango, ilifanywa kwa njia mbili za kawaida kabisa: mwanafunzi alitumwa kwa wazee, na mwanafunzi aliruhusiwa kuandika kwa Kiswahili.

Ili kuona uzito wa mambo hayo mawili, inafaa kukumbuka shahada ilitoka wapi. Kabla ya miaka ya 1960, kijana wa Tanganyika, Kenya au Uganda aliyetaka shahada ya sanaa bila kuvuka bahari alikuwa na mlango mmoja, Makerere. Mlango huo nao ulikuwa na ufunguo London. Tangu 1949 Makerere ilikuwa chuo kishiriki chenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na shahada zilizotolewa zilikuwa za London. Mwanafunzi wa Kampala alisoma fasihi ya Kiingereza na historia ya himaya ya Uingereza kwa kipimo kilichokubaliwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuona mgomba. Julius Nyerere alisoma Makerere kati ya 1943 na 1945, akapata stashahada ya ualimu, kisha akaenda Edinburgh kutafuta shahada. Alisoma huko kuanzia 1949 hadi 1952, na miongoni mwa masomo yake yalikuwemo historia, Kiingereza, uchumi na falsafa ya maadili. Kiongozi aliyeipeleka Tanganyika kwenye uhuru alikuwa mhitimu wa masomo ya sanaa. Mtu asishangae basi kuona kwamba, akiwa Ikulu, alipata muda wa kuitafsiri tamthilia ya Shakespeare, *Julius Caesar*, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1963.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita na siku tatu kabla ya Uhuru. Hakikuwa na majengo yake. Kilianzia kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika hata 20, na kiliungwa na London kama mwenzake wa Kampala. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1964 chuo kilihamia kilimani, nje kidogo ya mji upande wa Ubungo, na Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii kikaanza. Ndipo jina la Mlimani lilipozaliwa, na hata leo mtu akisema amesoma Mlimani hakuna anayeuliza mlima gani.

Idara ya Historia ilimpata profesa wake wa kwanza kwa bahati iliyotokana na ubaya wa wengine. Terence Ranger alifukuzwa Rhodesia Kusini na serikali ya walowezi mwaka 1963 kwa sababu ya kushirikiana na wazalendo wa nchi ile, akaja Dar es Salaam. Waliofuata ni pamoja na John Iliffe, kijana Mwingereza aliyekuwa akizichambua nyaraka za Kijerumani, Isaria Kimambo, Arnold Temu na Gilbert Gwassa. Swali lao lilikuwa gumu kwa wakati ule: historia ya watu ambao hawakuacha maandishi itaandikwaje? Vitabu vilivyokuwepo viliandikwa na maofisa, wamisionari na wapelelezi. Ndani yake Mwafrika alikuwa mtu wa kuhesabiwa, kutozwa kodi na kuadhibiwa, mara chache mtu wa kuamua jambo.

Jibu lilikuwa kwenye midomo ya wazee. Kimambo, mwenyeji wa Upare, alilifanyia kazi kwao: kitabu chake juu ya historia ya kisiasa ya Wapare, kilichotoka 1969, kimejengwa juu ya masimulizi ya koo. Mwaka huohuo yeye na Temu walihariri *A History of Tanzania*, kitabu kilichowapa walimu wa sekondari kitu cha kushika mkononi badala ya sura mbili za pembeni katika historia ya himaya. Ulimwengu ukaanza kuzungumzia mkabala wa Dar es Salaam katika historia. Gwassa aliishughulikia Maji Maji mpaka ikawa tasnifu yake ya udaktari mwaka 1973, na yeye pamoja na Iliffe walichapisha mkusanyo wa kumbukumbu za vita vile.

Utafiti wa 1968 ulifuata njia hiyohiyo, ila uliishusha hadi kwa mwanafunzi wa kawaida, na hapo ndipo pana jambo kubwa. Kwa kipimo cha London, mwanafunzi wa shahada ya kwanza alikuwa mtu wa kupokea. Alisoma kilichokwisha kujulikana, akakieleza vizuri katika saa 3 za mtihani. Dar es Salaam, kwa muda, ilimfanya awe mtu wa kuleta. Mtoto wa Songea alikuwa na kitu ambacho mwalimu wake kutoka Cambridge hakuwa nacho: lugha ya bibi yake, na salamu sahihi ya kumfungulia mlango wa mzee. Elimu ya darasani ilihitaji kile ambacho shule ya kikoloni ilikuwa imemfundisha kukionea haya.

Wakati wanafunzi wa historia wakiandika ripoti zao, kijana mwingine pale pale chuoni, mzaliwa wa pwani ya kusini, alikuwa akiishughulikia Maji Maji kwa njia nyingine. Ebrahim Hussein alisoma sanaa za maonyesho Mlimani, na mwaka 1969 tamthilia yake *Kinjeketile* ilichapishwa. Imebaki mojawapo ya tamthilia mashuhuri kuliko zote katika Kiswahili. Kinjikitile wa historia, mganga aliyegawa maji ya dawa ya vita vile, aliishi Ngarambe na alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu. Kinjeketile wa Hussein ni mtu anayetazama neno alilolitamka likimponyoka na kwenda kuishi maisha yake lenyewe. Haikuwa ajali kwamba mwanahistoria na mwandishi wa tamthilia walikutana kwenye vita vilevile, kilima kilekile, miaka ileile. Masomo yalikuwa bado hayajatengana kwa kuta nene.

Si kwamba miaka hiyo ilikuwa ya amani. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa, iliyowataka wahitimu kutumikia miaka miwili, sehemu kubwa yake kwa malipo ya asilimia 40 ya mshahara. Bango moja lilidai kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na karibu vijana 400 wakarudishwa makwao. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na mwezi Machi chuo kikaitisha mkutano wa kujiuliza kazi yake ni nini katika nchi ya kijamaa.

Mjadala ule uliigeuza mitaala. Wahadhiri wengine walitaka kuta za idara zibomolewe kabisa, wengine waliona huo ni mwisho wa taaluma. Kilichozaliwa mwishowe ni somo la lazima kwa kila mwanafunzi, Taaluma za Maendeleo, na mwaka 1973 likapewa taasisi yake. Vizazi na vizazi vimelifahamu kwa herufi mbili, DS. Mwanafunzi wa uhandisi ambaye hajawahi kufungua kitabu cha siasa amelala usiku akiwaza mtihani wa DS. Baadhi walilichukia, na kuna miaka lilifundishwa kama katekisimu. Hata hivyo wazo lililolizaa lilikuwa zuri: kwamba anayejenga daraja anapaswa kujua wanaopita juu yake wanaishi vipi.

Walter Rodney wa Guyana alifundisha historia pale kwanza 1966 na 1967, kisha tena kuanzia 1969 hadi 1974, baada ya serikali ya Jamaica kumzuia kurudi kazini kwake Kingston. Kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972, London na Dar es Salaam kwa pamoja, na kilipevuka ndani ya mijadala ya Mlimani. Wanafunzi nao walikuwa na umoja wao wa kimapinduzi, uliowahi kuongozwa na Mganda aliyesoma sayansi ya siasa, Yoweri Museveni, na jarida lao, *Cheche*, lililopigwa marufuku mwaka 1970. Hayo yameandikwa mengi. Linalotajwa mara chache ni kwamba Idara ya Historia iligeuka kuwa mkosoaji wa kazi yake yenyewe: mwaka 1981 Temu, akiwa na Bonaventure Swai, alichapisha kitabu cha kuipinga historia ya kizalendo ambayo yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waasisi wake. Chuo kinachoweza kumlea mtu hadi akajikosoa hadharani kimefanya kazi yake.

Jambo la pili, la lugha, lilianza kwa utulivu zaidi.

Katika chuo ndugu cha Nairobi, tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe, na mahali pake pakae idara itakayoiweka Afrika katikati. Waraka ule umesifiwa dunia nzima, na kwa haki. Ulibadilisha kilichosomwa: Okot p'Bitek na Achebe wakaingia mlango wa mbele, fasihi simulizi ikapewa kiti. Lakini mhadhara uliendelea kuwa wa Kiingereza, na insha ya mwanafunzi vilevile.

Dar es Salaam ilikwenda hatua moja mbele, na haikupiga kelele. Farouk Topan, aliyekuja kufundisha mwishoni mwa miaka ya 1960, alianza kufundisha fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Mwaka 1970, chuo kilipojitenga na vyuo ndugu na kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Idara ya Kiswahili ikaanzishwa, na lugha ya kufundishia ikawa Kiswahili chenyewe. Mwaka huohuo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, mrithi wa ile kamati ya lugha iliyoundwa 1930 wakati wa Waingereza, ikawa sehemu ya chuo kikuu hicho kipya.

Leo jambo hilo linaonekana la kawaida. Mwaka ule halikuwa. Mwalimu aliyesimama mbele ya darasa na kusema kwa Kiswahili kuhusu muundo wa riwaya alikuwa anatembea kwenye pori lisilo na njia. Kiswahili kilikuwa na utenzi, wimbo, hadithi na kitendawili kwa karne nyingi, na kilikuwa na maneno ya kishairi ya kutosha: vina, mizani, kituo, urari. Hakikuwa na msamiati uliotulia wa kuchambulia riwaya na tamthilia. Maneno fasihi, fani, maudhui, dhamira, tahakiki, mengi yake yenye asili ya Kiarabu, yalichukuliwa, yakapimwa, yakabishaniwa na kuzoeleka katika semina na insha za miaka ile. Topan alihariri mkusanyo wa tahakiki, *Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili*, uliotoka 1971, na ukiusoma unahisi lugha ikijinyoosha kama mtu anayeamka. Mwanafunzi wa kidato cha nne, awe Tabora au Machakos, anayeagizwa leo kujadili fani na maudhui anatumia zana zilizonolewa wakati huo.

Isimu ilichukua muda mrefu zaidi. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya Taasisi ilitoka 1981, ikiwa kazi ya wenye lugha wenyewe baada ya kutegemea kamusi za Frederick Johnson za miaka ya 1930. Kamusi ya istilahi za isimu ilitoka 1990. Miaka 20 ilipita tangu idara kuanza hadi istilahi zake kuwekwa kitabuni, na katika miaka hiyo yote mwalimu na wanafunzi walikuwa wakielewana kwa maneno waliyokuwa wakiyatengeneza njiani.

Matunda yalionekana haraka kuliko mtu angetarajia. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alihitimu shahada ya kwanza Mlimani mwaka 1970. Mwaka uliofuata ikatoka *Rosa Mistika*, riwaya ya msichana aliyebanwa na baba mkali kisha akaachwa peke yake mbele ya ulimwengu, ikatikisa nchi hata ikazuiwa shuleni. Mwaka 1974 akaja na *Kichomi*, mashairi yasiyofuata vina na mizani. Hapo pakawaka moto. Washairi wa mapokeo walisema kitu kisicho na vina si shairi, ni porojo iliyokatwa mistari. Vijana wa chuo, Mulokozi na Kahigi miongoni mwao, wakajibu kwa diwani na kwa hoja. *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu* ya 1979 ni mojawapo ya majibu hayo. Magomvi yalisambaa magazetini na kuvuka mpaka hadi Mombasa. Kwa anayejali elimu, ugomvi ule ni wa kufurahia: ni mara chache jambo lililoanzia madarasani hubishaniwa na watu wasiowahi kukanyaga chuo, kwa lugha ambayo wote wanaimiliki sawasawa. Kama Kezilahabi angeandika insha zake kwa Kiingereza tu, malenga wa Tanga asingejua hata kwamba ametukanwa.

Upande wa jukwaa, Penina Muhando, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya walikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuandika tamthilia na riwaya za Kiswahili wakiwa na mafunzo ya chuo kikuu. Wote watatu waliandika pamoja *Harakati za Ukombozi*, iliyochapishwa 1982. Muhando, ambaye wengi wanamjua kama Profesa Mlama, aliitoa sanaa ya maonyesho chuoni na kuipeleka vijijini, wanakijiji wenyewe wakaigiza matatizo yao na kuyajadili. Ni safari ileile ya 1968, imegeuzwa uelekeo tu.

Kiswahili hakikuvuka uzio wa idara yake, na hilo ni la kusikitisha. Sheria, uchumi, sosholojia, siasa na hata historia vilibaki kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985 na vyuo vikuu vifuate baadaye. Pendekezo halikutekelezwa. Hivyo mtu akipita leo kwenye vimbweta, zile meza na mabenchi ya saruji chini ya miti, atawasikia wanafunzi wa sosholojia wakimchambua Marx au Durkheim kwa Kiswahili kitamu, wakicheka, wakipingana, wakielewana. Kisha kila mmoja anainama na kuandika kwa lugha ambayo nusu ya mawazo yale hayaingii. Aliyeogopa sapu, yaani mtihani wa kurudia, anaandika kwa kukariri. Aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, harudi kusimulia.

Mambo mengine yalibadilika kwa kasi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilidai mwombaji wa chuo awe amefanya kazi kwanza, na darasa likajaa watu wazima wenye uzoefu, ingawa wasichana walipungua hata masharti yakabidi yalegezwe kwao. Miaka ya 1980 ilileta uhaba wa vitabu na karatasi, ya 1990 uchangiaji wa gharama. Mwaka 2005 vikaongezwa vyuo vikuu vishiriki vya elimu Chang'ombe na Mkwawa, na 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kikafunguliwa. Taasisi ya Uchunguzi na Idara ya Kiswahili ziliunganishwa 2009 zikawa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Kitivo cha zamani sasa ni ndaki mbili, moja ya insia na nyingine ya sayansi za jamii, na mwanafunzi anayezichagua huulizwa na wajomba kila sikukuu atafanya kazi gani, hasa kwa vile mikopo imekuwa ikitanguliza sayansi na tiba.

Swali la wajomba ni la haki, maana ada ni pesa ya familia. Jibu lake limo katika historia hii yenyewe. Waandishi wa kamusi, wa tamthilia, wa riwaya zinazotahiniwa, walimu waliowafundisha walimu wa nchi nzima, walitoka huko. Walitoka wakiwa wazalishaji wa elimu kwa sababu mtu aliwaamini mapema, mwaka wa pili au wa tatu, kwamba wanaweza kuleta kitu ambacho maktaba haina.

Maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa Novemba 2018, ina nafasi ya kukaa maelfu ya wasomaji. Wazee waliohojiwa mwaka 1968 wametangulia mbele ya haki, wote. Waliowahoji, waliokuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, sasa wanakaribia au wamevuka 80, umri uleule wa wazee waliowaendea na madaftari yao. Wanakumbuka njia walizopita, nyumba walizokaribishwa, na maneno ambayo mzee aliyasema kisha akaomba yasiandikwe. Mwalimu wa historia mwenye darasa la mwaka wa pili, awatume wanafunzi wake kwao mwaka huu.